Anayeachwa na Mpira Ndiye Anayesema

Mimi si mtu wa kushindwa vizuri. Nasema mapema ili usije ukanipenda bure. Mwanamke mmoja wa Kibondo alinifunga fainali tatu mfululizo, na mara zote tatu nilimpa mkono huku nikicheka kwa meno tu, kisha nikanuna njia nzima mpaka Kasulu. Mwaka wa nne nilikwenda na nia moja: nimfunge mara moja, mara moja tu, halafu hata raketi niitundike.

Mchezo wenyewe ni skwoshi. Najua unashangaa. Walimu wanaohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine nao hushangaa, hudhani tunawatania. Lakini miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia kwa wingi, wageni wa shirika moja walijenga Kibondo chumba kirefu kisicho na dirisha, kikapauliwa mabati, na nyuma kikawekewa roshani ya mbao ya watu kama ishirini. Jioni walijifungia humo wakipiga kimpira cheusi ukutani mpaka jasho liwatoke. Walipofunga kazi waliondoka na magari yao. Jengo hawakuweza kulibeba. Waliacha pia raketi kadhaa na muuguzi mmoja kijana ambaye walikuwa wakimwita akamilishe idadi anapopungua mtu.

Yule muuguzi ndiye bingwa ninayemsema. Aliwafundisha wauguzi wenzake, wauguzi wakawafundisha walimu, na sisi wa Kasulu tukajipatia kona ya ghala la mazao lililoachwa, kuta tatu bila paa, tukawa tunajifunza humo mvua isiponyesha. Kila mwezi wa saba, shule zikifungwa, tunakutana Kibondo siku mbili. Zawadi ni sinia. Mzee mmoja mwenye duka la vyombo, mtu wa Ujiji, hulitoa kila mwaka, sinia zito lenye nakshi ya maua ukingoni, na anayeshinda hupita nalo sokoni likiwa kichwani. Mama huyo alikuwa amepita nalo sokoni miaka kumi na mmoja. Wauza ndizi walishaacha kuuliza nani kashinda.

Kazini alikuwa msimamizi wa wodi ya wazazi. Sisi sote tulimwita Mama, hata waliokaribiana naye umri, na nusu ya vijana wa mji ule walishikwa na mikono yake kabla ya kushikwa na mama zao. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alicheza amejifunga kitenge juu ya suruali ya michezo. Hakuwa akikimbia sana. Alisimama katikati, na mpira ukawa unamfuata.

Mambo mawili ya uwanja ule ni lazima niyaeleze, maana bila hayo hutaelewa nilichofanya.

La kwanza ni salamu. Kimpira cha skwoshi kikiwa baridi hakirudi, kinaanguka kama tonge la ugali, na mwezi wa saba baridi ya Kibondo inauma vidole. Kwa hiyo kabla ya mchezo wawili mnapigiana taratibu mpaka kipate joto. Kwingine nadhani wanapasha moto tu. Kwetu ni salamu kwelikweli, na salamu ya sisi Waha haina haraka. Mnapigiana mkiulizana habari za nyumbani, za watoto, za mihogo, na mdogo hawezi kumkatiza mkubwa. Mama alizitumia salamu hizo kufundisha. "Sikiliza," alikuwa akiwaambia wasichana wapya. "Ukuta unasema pa. Ule ubao wa chini unasema ko. Ukisikia ko, mpira umekufa, hata kama hujauona." Ubao huo uko chini ya ukuta wa mbele, urefu wa goti, umepakwa rangi nyekundu. Mpira ukiugusa umekosa. Ukipita juu ya mstari mwekundu wa ukuta wa pembeni, umekosa pia.

La pili ni desturi ya kusema. Hatuna mwamuzi. Wageni waliondoka na sheria zao vichwani, na waliobaki hawakutaka mtu wa kukaa roshanini akiwahukumu. Basi anayeachwa na mpira ndiye anayesema. Ukipiga nikashindwa kuufikia, mimi niliyeachwa ndiye natamka "imeingia" au "imekosa". Wewe uliyepiga unafunga mdomo. Kusema mwenyewe kwamba mpira wako umeingia ni kujisifu, na kujisifu ni aibu. Roshani nayo inanyamaza. Nilipoanza kucheza niliikuta desturi hiyo tayari, nikaipenda, maana mimi darasani nimezoea watu wanaobishania hata nusu alama.

Asubuhi ya fainali, Jumamosi, tuliingia saa nne. Alinitangulia, akageuka mlangoni.

"Mwakeye, mwalimu."

"Mwakeye, Mama."

Tukapiga makofi ya pole ya kusalimiana Kiha, magoti yameinama kidogo, kisha tukaanza kupigiana. Akaniuliza habari za mama yangu kule Kagerankanda. Nikamjibu. Akaniuliza goti langu. Nikamwambia limepona, uongo. Salamu ziliendelea, na bado akauliza maharage yametoka vipi mwaka huu. Nilitaka kupiga kelele. Nilijua anachofanya, alikuwa ananipoza moto, na nilijua siwezi kumkatiza.

Seti ya kwanza aliichukua kwa pointi kumi na moja kwa sita. Sikuwa nimekosea chochote cha ajabu. Ni yale yale ya miaka mitatu: nilipiga vizuri, akapiga vizuri zaidi kidogo.

Seti ya pili, tukiwa nne kwa nne, nilijaribu kumtumia mpira mrefu kona ya kushoto. Mkono ulizidi nguvu. Niliuona kwa macho yangu ukigonga ukuta wa kushoto juu ya mstari mwekundu, juu kwa upana wa kiganja, ukaangukia nyuma yake. Nikashusha raketi, nikaanza kurudi nyuma.

"Imeingia," akasema.

Nikamtazama. Alikuwa tayari anakwenda kusimama mahali pa kupokea, uso wake mkavu. Nikadhani nimeona vibaya. Kwa desturi yetu sikuwa na la kusema, na ukweli ni kwamba sikutaka kuwa nalo. Nikachukua pointi.

Pointi tatu baadaye ikatokea tena, kushoto tena, juu ya mstari tena. "Imeingia." Safari hii sikuwa na shaka. Juu roshanini mtu mmoja alivuta pumzi, basi. Nikashinda seti ile kumi na moja kwa nane, bila furaha.

Mapumziko kati ya seti ni dakika chache. Tunatoka mlangoni, tunakunywa maji. Aliyenishikia chupa yangu alikuwa fundi cherehani mmoja Mkongo tunayecheza naye kule ghalani Kasulu. Jana yake Mama alikuwa amemtoa katika nusu fainali. Nikiwa nakunywa nilimwona Mama akinyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe chake kilichokuwa juu ya tofali. Mkono ulipita pembeni mwa kikombe. Ukarudi, ukapita tena, ukakipapasa mpaka ukakishika. Kisha akageuza kichwa chote, kama kuku anavyoitazama punje, akanikuta namtazama.

Nilijua: jicho lake la kushoto lilikuwa halioni.

Sitaki kujipamba. Wazo langu la kwanza halikuwa huruma. Lilikuwa hasira. Miaka minne nimeamka alfajiri kupiga ukuta wa ghala peke yangu ili nimfunge mwanamke huyu akiwa mzima, na sasa ndiyo anajileta kwangu akiwa nusu! Ushindi gani huo? Wazo la pili lilikuwa la wodi ya wazazi. Nikijua mimi, na wakijua hawa walioko roshanini, kabla jua halijazama mji mzima utajua, na nani atamwacha mkunga asiyeona jicho moja? Wangemwondoa mahali alipokaa umri wake wote.

Basi seti ya tatu nilicheza kama mjinga. Kila mpira niliupeleka kulia kwake, upande anaouona. Nilijiona mwema kweli. Mtu anayecheza na wewe miaka minne hadanganyiki na hilo. Baada ya mipira mitano alishajua unakwenda wapi, akawa ananisubiri huko. Kumi na moja kwa tatu. Tulipotoka nje alinipita karibu sana bila kunitazama.

"Salamu ziliisha zamani, mwalimu," akasema.

Fundi wangu alinishika bega, amekasirika kuliko mimi. "Mwalimu, uko nafanya nini? Jana nilisikia mwenyewe, kule kushoto ile mama iko nachoka. Mupigie kushoto!"

Yeye hakujua anachosema. Kwake ulikuwa ni ujanja wa mchezo tu, na ni mchezo tu, nikajiambia. Nikarudi ndani nikiwa nimeudhika na kila mtu: na Mama kwa kunisema, na fundi kwa kusema kweli, na mimi mwenyewe kwa seti niliyoitupa.

Nikapiga kushoto. Seti nzima ya nne nilipiga kushoto, mrefu, mfupi, wa juu, wa kubembeleza kona. Alibadilisha namna ya kusimama, akausogeza mwili kushoto, akawa anageuza kichwa kabla ya kila mpira. Mingine aliipata kwa kubahatisha, na alibahatisha vizuri kuliko wengi wanavyoona. Lakini aliachwa mara nyingi, na kila alipoachwa upande ule alisema neno moja. Imeingia. Imeingia. Miwili kati ya hiyo haikuingia. Nilihesabu. Mwalimu wa hesabu hawezi kuacha kuhesabu. Nilishinda kumi na moja kwa tisa, na ukitoa miwili hiyo unaona mwenyewe.

Mbili kwa mbili. Roshani sasa ilikuwa imejaa kupita kiasi, mbao zinalia, na wengine walisimama mlangoni nje wakipokezana habari. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyemfikisha seti ya tano. Goti langu lilikuwa limevimba. Yeye kitenge kimelowa mpaka kiunoni, na nilisikia pumzi yake ikitoka puani, nzito, bila kuharakisha.

Ile seti siikumbuki yote. Nakumbuka alianza kunitisha tena, sita kwa mbili, akipiga mipira ya chini kabisa inayokwaruza ukuta wa kulia ambayo hakuna anayeirudisha. Nakumbuka nikimfikia pointi moja moja, kila moja ikiniuma. Nakumbuka saba kwa saba, na mtu mmoja juu akimwomba Mungu kwa Kiha, na mwingine akimwambia anyamaze. Tisa kwa tisa. Kisha nikapiga mpira laini wa pembeni, kulia kwake safari hiyo, upande anaoona, akaufuata akaukosa kwa ncha ya raketi. "Imeingia," akasema, na hiyo iliingia kweli. Hiyo ndiyo pointi ya halali ninayojivunia mpaka leo.

Kumi kwa tisa. Pointi moja tu ilikuwa imebaki.

Nikaanzisha. Akarudisha, nikarudisha. Tukapigiana mipira mingi, sijui mingapi, kila mmoja akimvuta mwenzake huku na huku, mpaka nikamwona amevutika kulia, na kushoto mbele kote ni wazi. Nikaukata mpira ushuke mbele kushoto, karibu na ubao. Alianza kukimbia akasimama. Mpira uligonga mbele na kufia sakafuni.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilisikia ko.

Kutoka roshanini mtu hawezi kujua. Ni upana wa kidole, na watu walishaanza kupiga kelele kabla haujatua. Mle ndani tulikuwa wawili. Alisimama amenipa mgongo, raketi imeshuka, kichwa kimeinama upande kidogo. Akakaa hivyo. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akichelewa kusema. Kelele za juu zikafifia, maana walikuwa wanasubiri neno lake, na mimi nilikuwa nasubiri neno lake.

Nilikuwa na muda wa kusema, muda mwingi. Imekosa, Mama. Maneno mawili, halafu tungekuwa kumi kwa kumi na mchezo ungeendelea.

Nilijiambia nikisema nitamwaibisha. Nilijiambia watajua haoni, watamtoa wodini. Nilijiambia desturi hainiruhusu. Yote matatu niliyapanga upesi kichwani, yakakaa vizuri kabisa, na chini yake nilijua ninachotaka ni sinia.

"Imeingia," akasema.

Roshani ilitaka kuanguka. Fundi wangu aliruka ngazi akaingia na viatu vyake vya vumbi, akanibeba. Mama alinipa mkono, akanipigia makofi yale ya pole, akainama kama ninavyomwinamia mimi. Nilipita sokoni na sinia kichwani na wauza ndizi wakaniimbia. Njia yote ya Kasulu wenzangu waliimba kwenye gari, mimi nikawaambia kichwa kinaniuma. Hiyo ndiyo siku niliyoisubiri miaka minne, na nilikuwa nimenuna vile vile kama nilivyonuna nikishindwa.

Sinia nililiweka juu ya kabati. Kila nikiingia sebuleni lilikuwa linanitazama. Wageni walilisifu, mama yangu alikuja kutoka Kagerankanda kuliona, akalishika kwa mikono miwili, akasema sasa nipumzike. Baada ya wiki mbili nililifunga kwenye kitenge, nikapanda gari la Kibondo, nikaenda nyumbani kwa Mama, Kitahana.

Nilimkuta uani anachambua maharage, ameketi amegeuza bega la kushoto ukutani. Tulisalimiana kirefu. Safari hii mimi ndiye niliyezirefusha salamu. Nilimwuliza hadi habari za kuku. Mwishowe yakaisha ya kuulizana.

"Jicho linaendeleaje, Mama?" nikasema.

"Nimepangiwa upasuaji. Ni mtoto wa jicho tu, hutolewa." Akaendelea kuchambua. "Jumatatu baada ya fainali nilimwambia mganga mkuu. Toka mwezi wa nne nilikuwa simshiki mzazi bila mwenzangu pembeni. Sasa niko mapokezi naandika kadi."

Kwa hiyo siri niliyojidai kuitunza ilidumu siku mbili, na aliyeitoa ni yeye mwenyewe.

"Mama, ile ya mwisho..."

"Ilikuwa ubao," akasema. "Ilisema ko."

"Uliisikia?"

"Jicho ndilo bovu, mwalimu. Masikio ninayo mawili."

"Sasa kwa nini ulisema imeingia?"

Akaweka ungo chini, akageuza kichwa chote mpaka jicho zima likanipata.

"Zile za juu ya mstari sikuziona. Kitu usichokiona huwezi kusema kimekosa, kwa hiyo nilikupa. Wewe uliziona, ukanyamaza. Nikasema sawa, desturi imemfunga mdomo. Ya mwisho ndiyo niliyoijua. Nikasimama pale nikuachie nafasi. Nikakusubiri."

"Lakini desturi ni kwamba aliyepiga hasemi."

"Ile desturi niliiweka mimi. Wazungu walipoondoka niliiweka mimi, ili mtu asijisifu. Sikuiweka ili mtu achukue kisicho chake kwa kukaa kimya."

Nilifungua kitenge, nikamsogezea sinia kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, ya kuomba radhi na ya kuomba turudie mchezo akishapona, na yote yakanipotea. Alilipokea, akalipapasa maua ya ukingoni kwa kidole gumba, akainuka nalo akaingia jikoni. Nikabaki uani nikitazama maharage. Nilidhani hatatoka tena mpaka niondoke.

Akatoka. Amelibeba sinia lile lile, juu yake vikombe viwili vya chai, bakuli la karanga na kijiko. Akaliweka chini mbele yangu, kikombe changu akakielekeza upande wa mkono wangu wa kulia.

"Kunywa, bingwa," akasema. "Isije ikapoa."

Nilikunywa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi na iliniunguza ulimi, na niliimaliza yote bila kuthubutu kuliangalia sinia ilikotoka.